Mchango wa Mgonjwa na Mchango wa Utafiti

Somo la kusomwa na kujadiliwa katika matawi



Katika daftari la fedha la tawi letu kuna ukurasa mmoja ambao haujafungwa mpaka leo. Juu yake yameandikwa maneno haya: "Mchango wa mtoto wa dereva." Chini yake yako majina 412, ya wachuma chai, watu wa kiwandani, madereva, walinzi na akina mama wa jikoni. Wengi walitoa shilingi 5,000, wengine 10,000, na wachache zaidi ya hapo. Jumla iliyopatikana ni shilingi 3,870,000. Zilizotumika ni 3,228,000. Zilizobaki ni 642,000.

Mtoto mwenyewe tulimzika. Fedha zikabaki, na wanachama wakagawanyika juu yake. Wengine wanasema kila mtu arudishiwe chake. Wengine wanasema apewe baba wa mtoto. Katika mkutano uliopita kijana mmoja wa kiwandani alisimama akasema: "Zipelekwe kwa wale wanaotafuta dawa ya ugonjwa ule, ili mtoto wa mwingine asife." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nakiri, maana sikujua fedha ya namna hiyo hupelekwa wapi wala hufanya kazi gani.

Tangu siku ile nimeuliza madaktari, nimesoma, na penye Kiingereza kigumu nimesomewa. Somo hili ni jibu langu kwa kijana yule. Lisomeni kabla ya mkutano ujao, kwa sababu mkutano huo ndio utakaoamua.

1. MTOTO WA DEREVA

Dereva wa trekta ninayemsema ni jirani yangu kambini. Mtoto wake wa kiume alikuwa na umri wa miaka 15. Mwaka 2023, baada ya Pasaka, alianza kulalamika kuwa kichwa kinamuuma. Kilimuuma zaidi alfajiri. Alikuwa akiamka anatapika, kisha jua likipanda anapata nafuu na kwenda shule. Mama yake alimpeleka kwenye dispensari akapewa dawa ya malaria. Mwezi uliofuata akapewa ya malaria tena. Mara ya tatu wakasema ni taifodi. Siwalaumu wale waganga. Homa ndiyo wanayoiona kila siku, na chombo cha kutazama ndani ya kichwa hawana.

Mwezi wa tatu kijana alianza kuangusha vikombe. Akitembea anayumba. Alikuwa mpole, sasa akawa mkali kwa wadogo zake. Jioni moja baba yake alikuja kwangu akasema: "Katibu, mtoto wangu amejifunza kunywa waragi." Mimi, badala ya kuuliza maswali, nilimjibu kama mtu mzima anayejua kila kitu. Nilimwambia: "Ndugu yangu, mkanye mapema kabla hajaharibika." Akaenda akamkanya kwa fimbo. Mtoto yule hakuwa amekunywa hata tone moja. Neno langu lile limenikaa kifuani mpaka leo.

Baada ya wiki mbili alianguka darasani, akapigwa na degedege. Ndipo akapelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha ya kichwa, na daktari akaonyesha uvimbe nyuma ya ubongo. Tawi likachanga kwa siku tisa. Walimpasua, akaishi miezi mitano zaidi, akafa Februari 2024. Kwenye matanga baba yake alisema maneno machache: "Angeugua malaria ningejua la kufanya. Ugonjwa huu hata jina lake sikulijua."

2. UGONJWA WENYEWE

Ninyi wa karakana mnajua sufuria ambayo kifuniko chake kimechomelewa. Kitu kikikua ndani yake hakina pa kwenda. Fuvu la kichwa liko hivyo hivyo. Uvimbe ukiota ndani ya fuvu hubana ubongo, au huziba njia ya maji yanayozunguka ubongo, na mkandamizo unapanda. Mtu akilala mkandamizo huzidi, ndiyo sababu maumivu na kutapika mara nyingi huja alfajiri.

Si kila uvimbe wa ubongo ni saratani, yaani kansa. Lakini hata usio kansa unaweza kuua, kwa sababu nafasi ndani ya fuvu ni ndogo. Uko wa aina zaidi ya 100. Hauambukizi. Hauletwi na uchawi wala laana ya ukoo.

Dalili za kuangaliwa kwa mtoto na kijana ni hizi:

(a) Kichwa kinachouma siku nyingi, hasa kikimwamsha usingizini au kikimuuma anapoamka.
(b) Kutapika kunakoendelea, bila kuharisha.
(c) Kuyumba, kujikwaa, kuangusha vitu, mkono kukosa shabaha.
(d) Macho kucheza au kwenda upande, kuona ukungu, kuona kitu kimoja kama viwili.
(e) Tabia kubadilika: mchangamfu anakuwa mzito, mpole anakuwa mkali, au analala mno.
(f) Degedege, hasa lisilo na homa.
(g) Kwa mtoto mdogo, shingo kukaa upande.
(h) Kwa kijana, kubalehe kuchelewa au kusimama.

Watoto wengi wanaoumwa kichwa hawana uvimbe. Usimtie mwenzako hofu kwa kichwa cha siku mbili. Lakini dalili moja ikidumu, mpeleke mtoto kwa daktari. Zikiwa mbili au zaidi, usingoje, na usikubali kurudishwa nyumbani mara ya tatu na dawa ile ile. Mtoto wa dereva alikuwa na tano. Zote tuliziona kwa macho, ila hatukujua kuwa ni za ugonjwa mmoja.

3. FAMILIA MOJA YA UINGEREZA

Sasa tuondoke kwetu kidogo, twende Uingereza. Huko pia watoto hufa kwa ugonjwa huu, pamoja na hospitali zao zote.

Mwaka 1996 msichana aliyeitwa Samantha Dickson alikufa kwa uvimbe wa ubongo akiwa na umri wa miaka 16. Wazazi wake, Neil na Angela Dickson, walikuwa wamewauliza madaktari maswali ambayo kila mzazi huuliza: ugonjwa huu unatoka wapi, na kwa nini hakuna dawa? Walipata jibu lililowashangaza. Fedha za kuuchunguza zilikuwa chache mno, na wachunguzi walikuwa wachache pia.

Mwaka ule ule wa 1996 wakaanzisha mfuko wenye jina la binti yao, Samantha Dickson Research Trust. Hapa ndipo pa kusimama na kufikiri. Samantha alikuwa ameshakufa. Hakuna senti hata moja ya mfuko ule iliyoweza kumsaidia yeye. Mchango tulioufanya sisi kwa mtoto wa dereva ulikuwa wa kumwokoa mtu tunayemjua, tukimwona uso. Mchango walioufanya wao ulikuwa kwa ajili ya watoto ambao hawajawaona na hawatawajua majina. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mchango wa mgonjwa na mchango wa utafiti. Wa kwanza hujibu ugonjwa wa leo. Wa pili ni kama kupanda mvule: anayepanda si yeye atakayepasua mbao.

Mfuko ulikua mwaka hadi mwaka. Familia nyingine zilizopatwa na msiba huo huo zilikuwa zimeanzisha vyama vyao, kila kimoja na daftari lake. Baadaye baadhi ya vyama hivyo viliona jambo ambalo mfanyakazi hahitaji kufundishwa, kwamba waliotawanyika wana sauti ndogo. Vikaungana, na leo chama hicho kinaitwa The Brain Tumour Charity. Familia haikunyang'anywa jina la mtoto wake. Chini ya mwavuli mmoja, kila familia inaweza kuwa na mfuko wake wenye jina la mtu wao, fedha zikaingia katika kazi moja. Nasi tulifanya hivyo hivyo wakati matawi ya mashamba yalipokubali kuwa na chama kimoja bila kila tawi kupoteza jina lake.

4. UTAFITI NI KAZI GANI?

Kijana wa kiwandani alipotaja utafiti, mama mmoja aliuliza: "Hao watu wanatafuta wapi? Dawa imepotea?" Swali lake si la kuchekwa. Tulijibu.

Ninyi wachuma chai mmeona vitalu vya majaribio. Kitalu kimoja kinawekwa mbolea mpya, cha pili kinaachwa na ya zamani. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile, wachumaji ni wale wale. Kila wiki majani yanapimwa na kuandikwa. Baada ya miaka ndipo bwana shamba anaweza kusema mbolea ipi inafaa. Akisema baada ya wiki moja, anabahatisha. Utafiti wa tiba ni kazi ya namna hiyo, ila badala ya kitalu kuna mgonjwa, naye lazima akubali kwa hiari, aelezwe hatari zake, na awe huru kujitoa.

Kwa nini uvimbe wa ubongo umekuwa mgumu kuliko kansa nyingine nyingi? Kwanza, ubongo una mlinzi. Mishipa ya damu ya ubongo imefungwa kwa namna isiyoruhusu vitu vingi kupita. Ni kama askari wa lango la kiwanda asiyefungulia lori asilolijua. Mlinzi huyo anatukinga na sumu nyingi, lakini dawa nyingi za kansa nazo anazirudisha. Pili, daktari hawezi kukata ubongo kama anavyokata kidonda cha mguu. Akikosea kidogo, mgonjwa hapati tena kusema au kutembea. Tatu, aina ni nyingi na kila aina ina wagonjwa wachache. Mfanyabiashara wa dawa huhesabu wanunuzi kabla ya kuhesabu wagonjwa.

Matokeo yake tunayaona katika hesabu za Uingereza. Uvimbe wa ubongo unaua watoto na watu wa chini ya miaka 40 wengi kuliko kansa nyingine yoyote. Hata hivyo, vyama vya huko vimehesabu kuwa kwa miaka mingi ugonjwa huu ulipata kama asilimia 1 tu ya fedha za taifa za utafiti wa kansa. Pengo hilo ndilo familia zilizoingia kulijaza.

Basi fedha zilifanya nini? Nitatoa mfano mmoja ambao ninyi mtauelewa kuliko profesa. Wachunguzi wa Nottingham waliuliza jambo rahisi: tangu dalili ya kwanza mpaka ugonjwa kujulikana, mtoto wa Uingereza hungoja muda gani? Wapange watoto wote katika mstari, kuanzia aliyejulikana mapema mpaka aliyechelewa, kisha mtazame yule wa katikati. Mwaka 2006 mtoto wa katikati alikuwa amengoja wiki 14 na zaidi kidogo. Hiyo ni miezi mitatu. Uingereza, penye daktari kila mtaa! Huko nako watoto walirudishwa nyumbani mara mbili, mara tatu.

Wachunguzi, madaktari wa watoto na mfuko ule wa Samantha Dickson wakashirikiana. Walikusanya dalili, wakaandika mwongozo wa madaktari, na mwaka 2011 wakaanzisha kampeni iitwayo HeadSmart. Walichapa kadi ndogo ya kutia mfukoni yenye dalili za kila umri, wakaigawa kwa wazazi, shule na waganga. Mwaka ule ilipoanza, mtoto wa katikati alikuwa akingoja wiki 9. Kufikia mwaka 2013 alikuwa akingoja chini ya wiki 7. Muda ulikatwa nusu kutoka ule wa 2006.

Tazameni vizuri, ndugu. Hapo hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Kulikuwa na swali lililoulizwa kwa uangalifu, hesabu iliyoandikwa, na karatasi. Hata hiyo ni utafiti. Mtoto wa dereva naye alingoja karibu miezi minne. Angekuwa amepigwa picha mwezi wa kwanza, labda angepona, labda asingepona. Lakini asingechapwa fimbo.

5. MSICHANA WA MPIRA WA KIKAPU

Mfano wa pili unatoka Marekani. Lauren Hill alikuwa msichana wa jimbo la Indiana, mcheza mpira wa kikapu. Novemba 2013, akiwa ametimiza miaka 18 tu, aliambiwa kuwa ana uvimbe katika shina la ubongo, mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki. Kwa aina ile wagonjwa wengi hawaishi hata mwaka mmoja.

Alikuwa ameshakubaliwa kuchezea chuo cha Mount St. Joseph, Cincinnati, akaendelea na mazoezi akiwa mgonjwa. Wakuu wa mchezo walikubali mechi ya kwanza ya msimu ichezwe mapema, kwa sababu hakuna aliyejua kama angefika tarehe ya kawaida. Ilichezwa tarehe 2 Novemba 2014. Uwanja wa chuo ulikuwa mdogo, wakaazima uwanja mkubwa, na watu 10,000 walinunua tiketi. Lauren alifunga kikapu cha kwanza na cha mwisho cha mechi ile. Mkono wake wa kulia ulikuwa umedhoofika, akafunga cha kwanza kwa wa kushoto.

Kufikia mwisho wa mwaka 2014, michango iliyokusanywa kwa jina lake ilikuwa imefika zaidi ya dola milioni 1. Ilikwenda kwa chama cha utafiti kiitwacho The Cure Starts Now, ambacho nacho kilianzishwa mwaka 2007 na wazazi waliofiwa na binti mdogo kwa ugonjwa huo huo. Lauren alikufa tarehe 10 Aprili 2015, akiwa na miaka 19.

Agosti 2025 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya jamii ya uvimbe huo, jina lake dordaviprone, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao una alama maalumu na umeendelea kukua baada ya matibabu. Kati ya wagonjwa 50 ambao matokeo yao yalitazamwa, uvimbe ulipungua kwa 11. Kwa wengine 39 haukupungua kiasi cha kuhesabiwa. Nawaambia hesabu zote mbili makusudi. Anayewaambia habari ya 11 tu anataka kuwauzia kitu. Anayewaambia habari ya 39 tu anataka mkate tamaa. Kabla ya hapo wagonjwa hao hawakuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa kwa ajili yao.

Jambo la kujifunza kwa Lauren ni hili pia: yeye mwenyewe ndiye aliyetaka jina na uso wake vitumike. Hakubebwa kama picha ya kuombea fedha. Sisi tulimpiga mtoto wa dereva picha kitandani, tukaipeleka huku na huko kwa simu bila kumwuliza. Tulikuwa na nia njema, lakini tulikosea.

6. HATA KWETU UTAFITI UMEFANYIKA

Mtu atasema: "Katibu, hayo ni mambo ya Wazungu wenye fedha." Sivyo. Moja ya kazi kubwa za utafiti wa kansa duniani ilianzia hapa Uganda, kwa watoto wetu.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Akaona wengine wa namna hiyo, akaanza kuandika. Mwaka 1958 alichapisha habari zake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kama maili 10,000, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali: je, ninyi mnauona ugonjwa huu? Waligundua kuwa unaonekana penye joto na mvua, kama malaria. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 wachunguzi wa huko, Epstein, Achong na Barr, wakaona ndani yake kirusi. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na kansa ya binadamu. Wakati huo huo hapa Kampala watoto walitibiwa kwa dawa, na baadhi yao walipona kabisa. Mwaka 1967 ikafunguliwa Mulago sehemu maalumu ya tiba na utafiti, ambayo leo imekuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kazi ile haikuanza kwa mamilioni. Ilianza kwa daktari aliyeuliza swali na wazazi maskini waliokubali watoto wao wapimwe. Wazazi wale wamo katika historia ya tiba, ingawa majina yao hayasomwi.

Na kuchanga hatukufundishwa na mtu. Buganda wana munno mukabi. Ankole na Kigezi wana engozi, chama cha kumbeba mgonjwa kwa machela mpaka barabarani. Tangu mwaka 2012 watu maelfu wamekimbia katika mbio za Rotary kuchangia huduma za kansa katika hospitali ya Nsambya. Tulichokosa ni desturi ya kuchangia swali, maana tumezoea kuchangia jeneza.

7. NAMNA YA KUSHIKA FEDHA ZA WATU

Michango mingi hufa kwa daftari, haifi kwa umaskini. Haya ndiyo niliyoyaona kwa makosa yetu wenyewe.

Kwanza, tajeni kusudi kabla ya kupokea senti ya kwanza. Sisi tuliandika "mchango wa mtoto wa dereva" tu. Hatukusema kama ni wa kumpasua, wa chakula cha mama yake hospitalini, au wa mazishi.

Pili, andikeni tangu mwanzo zikibaki zitafanya nini. Sentensi moja ingetuokoa na ugomvi wote huu.

Tatu, fedha zishikwe na watu watatu, na mmoja wao asiwe mjumbe wa kamati. Hesabu isomwe kwa sauti mkutanoni, pamoja na risiti.

Nne, mtu asikatwe mshahara kwa mchango bila sahihi yake. Kibarua wa msimu asionewe haya kwa kutoa kidogo au kutotoa.

Tano, familia ikubali, na kijana mwenyewe aulizwe.

Sita, kabla ya kupeleka fedha kwa utafiti, ulizeni: Risiti yenye mhuri iko wapi? Nani anakagua hesabu? Kazi imepita kamati ya maadili? Hapa Uganda utafiti unaohusu watu huidhinishwa na kamati hiyo na kuandikishwa kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mtu anayewauzia chupa na kuwaahidi kupona si mtafiti. Mfukuzeni.

Saba, mchango si badala ya haki. Tukichanga, mwajiri asiseme kuwa wafanyakazi wamejitosheleza, wala serikali isilale. Katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja tudai kifungu kinachosema kuwa mtoto aliyerudi dispensari mara ya tatu kwa dalili zile zile apelekwe hospitali ya juu kwa gari la shamba, bila kungoja ruhusa ya meneja.

8. ZILE SHILINGI 642,000

Sasa narudi kwenye ukurasa wetu. Nimezungumza na baba wa mtoto. Amesema hataki fedha hizo ziingie mfukoni mwake, wala hataki zirudi kwa watu kama kwamba mtoto wake hakuwepo. Atakuja mkutanoni, na yeye ndiye atakayesema kwanza.

Maoni yangu, kama mwanachama mmoja, ni haya. Sehemu ya fedha ichape kadi ya dalili kwa Kiswahili na kwa lugha za hapa, igawiwe kila nyumba ya kambi, shule na dispensari, na daktari aalikwe aje kutufundisha. Kwa sehemu iliyobaki tuandike barua kwa Taasisi ya Saratani pale Mulago, tuulize kama wanapokea mchango wa utafiti wa magonjwa ya watoto, na kwa utaratibu gani. Mpaka jibu la maandishi lifike, senti isitoke. Najua shilingi 642,000 hazitagundua dawa. Lakini mvule nao hupandwa mche mmoja mmoja, na Wazungu wale hawakuanza na zaidi ya jina la binti yao.

Kijana wa kiwandani aliyechekwa naye ajiandae kusema. Safari hii tumsikilize.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Taja dalili tano za uvimbe wa ubongo kwa kijana. Je, yuko mtoto kambini kwenu mwenye dalili mbili zilizodumu?
2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya mchango wa mgonjwa na mchango wa utafiti? Tawi lenu liliwahi kufanya upi?
3. Kwa nini vyama vya familia Uingereza viliungana? Hilo linafanana vipi na historia ya chama chetu?
4. Kama fedha za mchango zikibaki, ni nani mwenye haki ya kuamua? Andikeni sentensi moja ya kanuni yenu.
5. Kifungu gani cha afya ya watoto mnataka kiingizwe katika mkataba wa pamoja?

Majibu yenu myaandike, mumpe katibu wa tawi kabla ya mkutano.